Maji Moto Yana Wenyewe

Wahenga walinena kwamba maji moto hayachomi nyumba. Kweli hayachomi, lakini yaweza kumvua mtu joho la heshima mbele ya wenyeji wake, kama yalivyotuvua sisi mwezi uliopita.

Tulikuwa wanaume watano, wote wa umri wa kutosha kujua adabu. Wanne ni marafiki zangu wa Machakos, na wa tano ni mimi mtu wa mwambao, niliyealikwa kwa sababu, kwa maneno yao, mshairi hapaswi kufa kabla hajalala hemani. Tulitoka Machakos alfajiri kwa magari mawili, yale yenye nguvu katika magurudumu yote manne. Tukapita Konza, tukapita Kajiado, kisha tukaiacha lami na kuteremkia Bonde la Ufa kwa njia ya mawe na vumbi. Nia yetu ilikuwa kupiga kambi penye chemchemi za maji moto za Ziwa Magadi.

Ndugu msomaji, ziwa hilo si geni kwetu kama tunavyodhani. Reli yake huchepuka papo hapo Konza kutoka reli ya zamani iendayo Mombasa, nayo ilijengwa ili mali ya ziwa ifike bandarini, baada ya kampuni ya kuichimba kuanzishwa mwaka 1911. Na jina lenyewe ni neno la jikoni mwetu. Magadi ndiyo mama zetu waliyotia katika maharagwe yapate kulainika, na ndiyo wasaga ugoro wanayochanganya na tumbaku yao.

Nayo yatoka wapi? Maji huzama chini ya ardhi, yakapashwa moto na tumbo la Bonde la Ufa, kisha yakachomoza kandokando ya ziwa yakiwa yamebeba chumvichumvi za miamba. Mengine hufika nyuzi 86 za sentigredi, moto wa kumbabua mtu. Ziwa halina mto wa kutokea, basi jua huyanywa maji na kuyaacha magadi. Wakati wa kiangazi sehemu kubwa ya ziwa hugeuka ganda jeupe lenye wekundu, na heroe husimama penye maji yaliyosalia. Ajabu zaidi, katika vidimbwi vyenye joto la nyuzi zipatazo 40 huishi samaki wadogo wa jamii ya tilapia, katika maji makali ambayo yangewaua samaki wengine wengi.

Tulifika alasiri. Kijana wa Kimaasai alitusimamisha, akatuamkia vizuri, akasema yuko tayari kutuongoza kwa malipo waliyoyakubali wenyeji. Mmoja wetu akamjibu kwamba maji ni ya Mungu, nayo hayana mlango. Tukacheka, tukampita. Sitamtaja aliyesema, kwa sababu mimi niliyenyamaza si bora kuliko yeye.

Mbele yetu ufuo ulikuwa mweupe, mkavu, kama sakafu iliyopigwa saruji. Dereva wetu akaona njia ya mkato. Hatukwenda mbali, ganda likakatika, na gari likaketi topeni hadi tumboni. Tulichimba, tukatandika mikeka, tukavuta kwa kamba, na la pili nalo likataka kuzama. Jua likatua tungali tumepakaa tope jeusi lenye harufu ya mayai viza.

Aliyetuokoa ni kijana yule yule. Alikuja na mzee mmoja na wenziwe kadhaa, wakiwa na majembe na matawi. Walifanya kazi mpaka usiku ukaingia sana. Gari lilipotoka, alinishika mkono akanionyesha kwa mwanga wa taa jinsi magurudumu yetu yalivyoukata mfereji mdogo uliokuwa ukipeleka maji kwenye kidimbwi. "Wazee wetu hukanda viungo pale," akasema. Kando ya kidimbwi palikuwa na karatasi za sabuni na chupa za wageni waliotutangulia. Kisha akaniuliza bila ya hasira: "Mzee, kwenu pwani mtu huingia nyumba ya watu bila ya hodi?"

Sikuwa na jibu. Mimi nilifunzwa hodi kabla ya kufunzwa alifu.

Twapenda watu waijue nchi yao, na wanaotoka mjini kwenda kulala chini ya nyota wanafanya jema. Lakini pamezuka dhana kwamba gurudumu linapofika, hapo ni pa mwenye gari. Wazee wa Ukambani hawakusafiri hivyo. Katika karne ya 19 misafara yao ilichukua pembe za ndovu mpaka pwani, na mfanyabiashara Kivoi, aliyempokea Krapf huko Kitui mwaka 1849, alijulikana hadi Mombasa. Misafara ile ilikuwa na nguvu, walakini ilipita nchi za watu kwa urafiki, na hata kwa undugu wa kuchanjiana damu. Walijua kwamba msafiri asiye na mwenyeji ni mfu anayetembea.

Wapo watakaosema kwamba ardhi ya Kenya ni ya Wakenya wote, na kwamba malipo ya njiani ni unyang'anyi. Hoja hiyo ina upande wake wa haki. Bei na iandikwe wazi, stakabadhi itolewe, na fedha zionekane katika njia na usafi wa vidimbwi. Hilo ni deni la wenyeji na la serikali ya kaunti. Lakini deni la mgeni hutangulia: kumchukua kiongozi wa mahali, kufuata njia iliyokwisha kukanyagwa, kutotia sabuni katika maji, kutowafukuza heroe kwa gari, na kurudi na taka zake hadi Machakos.

Usiku ule tulikaribishwa kidimbwini licha ya yote. Goti langu, lililonisumbua tangu masika, likawa jepesi. Asubuhi tuliuzibua mfereji kwa mikono yetu pamoja na vijana wale, tukalipa malipo ya jana na ya leo, tukaomba radhi.

Kiswahili kina usemi: mgeni njoo, mwenyeji apone. Njia nzima ya kurudi niliutafakari. Sisi wageni tulikwenda, tukapona magoti. Je, mwenyeji alipona nini? Kila atakayefunga hema lake garini mwisho wa juma hili na ajiulize hilo kabla hajatia ufunguo.