Kenya: Nyumba ikipigwa mnada, deni hubaki kwa nani?

Mkenya aliyeshindwa kulipia nyumba hawezi kuirudishia benki ufunguo akaondoka huru. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 humpa notisi ya siku 90, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya nyumba kuuzwa. Bei ya mnada isipolifuta deni, salio humfuata. Huko California, Marekani, kwa kawaida aliyekopa kununua makazi yake hafuatwi hivyo.

Hata hivyo, si haki kumwita mlaghai kila aliyeacha kulipa. Sheria hiyohiyo huilazimu benki kutafuta bei bora inayoweza kupatikana, na Sheria ya Mabenki hairuhusu riba ya mkopo uliokwama izidi kiasi cha deni lililokuwapo ulipokwama. Aliyepoteza kazi akaijulisha benki mapema hajavunja uaminifu.

Lawama inamstahili anayezima simu na kutoweka. Huyo haikimbii benki, yenye hati na mawakili. Anamkimbia mdhamini aliyetia saini kwa kumwamini, au mwenzi wa ndoa aliyeridhia nyumba ya familia iwekwe rehani, ambaye ndiye dalali atakayemkuta mlangoni.