Paka wa London na Stakabadhi ya Bibi

Juzi huku Turiani nilikuwa nikipanga makabati ya ofisi ya parokia, nikaokota kipande cha karatasi nilichokiandika kwa mkono wangu mwezi wa Oktoba 2022. Kwanza kilinichekesha, kisha kikanitia haya. Nisikilizeni niwaeleze.

Mwezi ule, penye benchi letu la kahawa chini ya mwembe, hapakuzungumzwa miwa ya Mtibwa wala mpunga. Palizungumzwa Uingereza tu. Bibi Liz Truss alishika uwaziri mkuu tarehe 6 Septemba, na tarehe 20 Oktoba akatangaza kwamba anajiuzulu. Hata alipokabidhi kazi alikuwa ametimiza siku 49. Gazeti moja la kule lilikuwa limeweka saladi mezani, saladi ile ile ya sokoni, likauliza kipi kitadumu zaidi, saladi au Waziri Mkuu. Saladi ikashinda. Mzee mmoja mlima mboga akatikisa kichwa: “Hiyo ni saladi ya baridi. Yangu kwa jua hili isingefika Jumapili.”

Akaingia Bwana Rishi Sunak. Baba yake alizaliwa Kenya, na mama yake alizaliwa hapa Tanganyika. Basi, benchi zima likasimama! Maana ninyi mnajua, kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Wakaamua pale pale kwamba huyu ni mpwa wetu, na kwamba wajomba wana haki ya kumwita aje kulima.

Tukamaliza na paka. Pale nyumbani kwa Waziri Mkuu yupo paka aitwaye Larry, aliyeletwa mwaka 2011 kukamata panya. Cameron alihama, May akahama, Johnson akahama, Truss akahama, paka yumo. Hata Bwana Keir Starmer alipoingia Julai 2024 alimkuta. Mabwana wakubwa huja na kwenda, mwenye kazi ya panya habanduki.

Nakiri kwamba mwalimu wa benchi lile nilikuwa mimi. Nilisomea ualimu kabla ya kushika ukarani, na mtu akiniuliza habari za Ulaya sijui kunyamaza. Siku moja nikawaeleza jinsi wanavyoondoana. Mwalimu Nyerere, kabla hajawa kiongozi, alisoma Edinburgh tangu 1949 hata 1952. Baadaye akafasiri kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, ukachapwa 1963. Humo mkubwa anaondolewa kwa visu. “Lakini Waingereza wa leo,” nikasema, “wanaondoana kwa barua! Julai 2022 mawaziri na wasaidizi wao zaidi ya 50 waliandika barua za kuacha kazi kwa siku chache tu, na Boris Johnson akasalimu amri. Tazameni nguvu ya kusoma na kuandika!”

Nilikuwa nimefika hapo wakati bibi mmoja wa kijijini alipokuja akasimama kando.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Una nafasi kidogo?”

“Ningoje bibi, tuna jambo kubwa hapa.”

Akakaa juu ya mzizi wa mwembe, akangoja mpaka nimalize kuwaondoa wakubwa wa Uingereza mmoja mmoja. Ndipo akafungua pindo la kanga, akatoa stakabadhi ya mchango wa kisima. “Nisomee. Nilitoa shilingi 10,000, fedha ya mpunga wangu. Nataka kujua kama karatasi nayo inasema hivyo.”

Karatasi ilisema shilingi 1,000.

Nikainua macho kwa aibu, nikaona tangazo limepigiliwa misumari kwenye mwembe, nyuma ya vichwa vyetu. Mkutano Mkuu wa Kijiji, kesho, saa tatu asubuhi, mapato na matumizi yatasomwa. Lilikuwa pale wiki nzima. Sisi wenye kusoma tulikuwa tumeliegemea.

Nikamwandikia bibi kwenye kipande cha karatasi tarehe, kiasi alichotoa na kiasi kilichoandikwa. Ndicho hicho nilichokiokota. Usiku nikaitafuta stakabadhi yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeifanya alama ya kitabu, wala sikupata kuisoma hata siku moja. Nayo ilisema 1,000.

Kesho yake bibi akasimama mkutanoni mbele ya watu wote. “Mimi sijui kusoma,” akasema, “lakini mpunga niliouza naujua. Fedha yangu nyingine iko wapi?” Pakawa kimya. Kisha mama mmoja akafungua pindo lake, na mwingine, na mwingine. Mwenyekiti akaagiza vitabu viletwe vilinganishwe na stakabadhi. Waliokuwa na karatasi walirudishiwa haki yao. Waliopoteza zao, na wengi wao walikuwa mabwana wa benchi la kahawa, walibaki na maneno matupu.

Sisemi ni vibaya kujua mambo ya London. Kule, Bunge likiwa linakutana, Waziri Mkuu husimama kila Jumatano adhuhuri, akaulizwa maswali kwa nusu saa. Ni desturi njema. Lakini hata sisi tunayo yetu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inampa kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi nafasi katika mkutano mkuu, na mkutano huo hupaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Haihitaji suti wala Kiingereza. Huhitaji kuwa mbunge ili uulize. Bibi yetu aliuliza kwa kanga yake na miguu yenye vumbi, na vitabu vikaletwa.

Basi, ndugu msomaji, mkutano wa kijiji chenu ulikuwa lini? Ulikwenda? Na stakabadhi zako ziko wapi? Ukijibu hayo matatu bila kujikuna kichwa, njoo benchini, nitakununulia kahawa. Na ikiwa nyumbani mwako yupo asiyejua kusoma, msomee karatasi zake kwanza, kabla ya kumsomea habari za paka. Usimwambie angoje. Mimi nilimwambia, na hata leo nikipita penye mzizi ule naona haya.