NZI WA KUUZA

Nimeomba nafasi katika jarida letu la Chama cha Kiswahili ili niseme jambo ambalo najua litawachekesha wengi. Nasema hivi: sisi vijana wa Korbesa tunaweza kujipatia riziki kwa kuuza nzi. Naam, nzi! Nilipolitaja neno hili katika mjadala wa muhula wa kwanza, kicheko kilichozuka kilimfanya mwalimu aliyekuwa akifundisha kidato cha pili aje kuchungulia dirishani. "Nzi wa kununuliwa? Njoo bomani kwetu nikupe gunia zima bure," alisema mmoja. Mwingine akauliza ni tangu lini Mborana akavua samaki. Dakika zangu zikaisha kabla sijamjibu. Leo nina nafasi ya kutosha, kwa hivyo nisikilizeni.

Nzi ninayemsema si mdudu. Ni ndoana ndogo, nyingine haizidi punje ya mchele, iliyofungwa kwa uzi, manyoya na nywele mpaka ikafanana na mdudu aliyeanguka majini. Kwa kuwa nzi huyo hana uzito wowote, mvuvi hurusha mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito kuliko mishipi ya kawaida, naye nzi hufuata nyuma. Samaki huona chakula, hupanua kinywa, na yakamfika ya kumfika. Ufundi huu ni wa kale sana. Yapata mwaka wa 200, mwandishi Mrumi aitwaye Aelianus alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu kwenye ndoana na kuongeza manyoya mawili ya jogoo. Sufu na manyoya ya jogoo, jamani! Watu hao hawakuwa na kiwanda wala umeme.

Samaki anayesakwa zaidi kwa njia hii ni trauti, na hapa Kenya yeye ni mgeni. Mwaka wa 1905 Ewart Grogan, yule mlowezi aliyesifika kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Kairo, aliagiza mayai ya trauti kutoka Scotland, na samaki wakapandwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Baadaye wakaenezwa katika mito mingine ya baridi, ikiwemo ya Mlima Kenya. Sasa hebu fungua ramani yako ya jiografia. Naro Moru na Burguret hushuka kutoka Mlima Kenya na kuingia Ewaso Nyiro. Ewaso Nyiro huo huo hupita Archer's Post, hupita Merti, hutufikia sisi hapa, kisha huenda kupotelea katika kinamasi cha Lorian. Maji tunayonyweshea mbuzi, mto ukiwa na maji, yaliwahi kupita juu ya mgongo wa trauti. Akifika huku kwenye joto na matope yetu hawezi kuishi. Sisi tuna kambare, na tuna mamba. Lakini ni nani aliyesema kwamba muuza ndoana ni lazima akae penye samaki?

Hapo ndipo wenzangu walipokosea hesabu. Kenya imefunga nzi kwa miaka mingi, tangu enzi za ukoloni, na wanaowanunua hasa ni wavuvi wa ng'ambo. Kampuni ya Uingereza iitwayo Fulling Mill, inayojulikana sana na wavuvi wa huko, hufungiwa nzi wake hapa hapa Kenya. Kwa hivyo mzee mmoja wa Scotland anaweza kusimama mtoni kwao asubuhi yenye baridi akiwa na nzi aliyefungwa na mkono wa Mkenya. Mfungaji hahitaji kuwa mvuvi. Fundi wa cherehani anayeshona sare za polisi si lazima awe polisi. Na wale wanaosema kwamba sisi hatuli samaki, nawauliza: je, wale wanaofuga ng'ombe wa kupeleka mnadani Isiolo huwala wote?

Mimi niliwaona nzi hawa kwa mara ya kwanza mjomba alipotuletea kisanduku kidogo kutoka Nanyuki, anakofanya kazi ya jikoni hotelini. Mgeni mmoja alikuwa amemwachia. Ndani mlikuwa na nzi kumi na wanne. Nilimchukua mmoja nikamfungua kwa wembe polepole, uzi baada ya uzi, nikipanga kila kitu juu ya karatasi. Nilipomaliza nilibaki nikijiuliza. Ukiondoa ndoana na uzi, hakukuwa na kitu pale ambacho hakipatikani Korbesa.

Tazama mwenyewe. Kuna nzi maarufu wa Marekani aitwaye Royal Wulff, ambaye mabawa yake meupe siku hizi hufungwa kwa nywele za mkia wa ndama. Mkia wa ndama! Kwetu anapochinjwa ndama, ngozi huuzwa kwa bei ya kutupa na mkia hupewa mbwa. Kuna mwingine wa kuvulia samoni, Sunray Shadow, ambaye zamani alifungwa kwa nywele ndefu nyeusi za mbega. Siku hizi mbega analindwa na sheria, na badala ya nywele zake watu hutumia za mbuzi. Mbuzi amemwokoa mbega. Ni kweli kwamba mbuzi wetu weupe wana nywele fupi, hazifai kwa nzi mrefu kama huyo, lakini ndevu za beberu ni ndefu kiasi, na weupe wake hukubali rangi yoyote utakayoichemsha. Manyoya laini chini ya ngamia, yale yanayong'oka yenyewe, husokotwa kwenye uzi yakawa mwili wa mdudu. Nimejaribu, yanashika vizuri.

Jogoo ndiye mwenye mambo. Jogoo wa kienyeji hana manyoya marefu na membamba kama wale wanaofugwa Marekani mahususi kwa kazi hii, kwa hivyo hafai sana kwa nzi wa kuelea juu ya maji. Lakini kwa nzi wa kuzama, anayetakiwa awe na miguu laini inayochezacheza ndani ya maji, manyoya ya shingo yake yanatosha kabisa. Ushauri wangu ni kwamba tuanze na nzi wa kuzama na tuwaachie wengine wale wa kuelea. Kuhusu kanga, ambaye manyoya yake ya madoadoa pia hutumika, naomba tusijidanganye. Huyo ni wa porini, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikuruhusu kumtega bila kibali. Sitaki kusikia mtu amekamatwa na askari wa KWS akisema alisoma katika jarida la shule.

Najua kuna watakaouliza kwa nini najisumbua hivi. Mnakumbuka ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020. Misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya maana hadi mwisho wa 2022. Kwetu tulikuwa na mbuzi zaidi ya sitini. Walibaki kumi na mmoja. Na si kwetu pekee, kila mmoja darasani ana hesabu yake ya namna hiyo. Sisemi kwamba nzi watarudisha mifugo. Nasema kwamba jogoo mmoja na beberu mmoja waliobaki wanaweza kutoa kitu zaidi ya nyama, na bila kuchinjwa, kwa maana ndevu hukua tena.

Mwalimu wetu mmoja, ambaye namheshimu sana, aliniambia kazi ya mwanafunzi ni kusoma, biashara itamngoja. Mwalimu, nakubali nusu. Masomo ya kutwa hayana karo, lakini chakula cha mchana kinalipiwa, na mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya pesa za chakula hasomi chochote siku hiyo. Nzi hufungwa jioni na siku za likizo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe ambalo limenikosesha usingizi. Likizo ya Aprili nilifunga nzi wanane weusi. Mjomba akaenda nao Nanyuki, na wavuvi wawili wakawanunua wote kwa shilingi 60 kila mmoja. Ndoana, uzi na gundi vilikuwa vimenigharimu kama shilingi 150. Kila nzi alinichukua robo saa, kwa hiyo kwa saa mbili nilipata shilingi 330. Wiki iliyofuata mfanyabiashara mmoja akatuma ujumbe kupitia mjomba: anataka nzi 500, yeye ataleta ndoana na uzi, nami nitalipwa shilingi 10 kwa kila mmoja.

Nyumbani kulizuka ubishi. Mama alisema elfu tano ni elfu tano, na mwenye njaa hachagui. Sikumbishia, maana si adabu, lakini nilichukua kalamu. Nzi 500 kwa robo saa kila mmoja ni saa 125. Elfu tano gawanya kwa saa 125 ni shilingi 40 kwa saa. Mkono ni ule ule, kazi ni ile ile, na yule atakayewaweka katika kisanduku chake chenye jina lake ndiye atakayewauza kwa bei ninayoijua tayari. Mama aliitazama hesabu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi hizo shilingi 60 zitatoka kwa nani kila wiki?" Swali hilo ni la haki, na ndilo linalotakiwa kujibiwa na yeyote anayeunga mkono hoja yangu. Wateja wawili wa Nanyuki si soko.

Maoni yangu ni kwamba soko tutalipata tukiwa kikundi, si mtu mmoja mmoja. Kina mama wa hapa wana vikundi vyao vya kuweka akiba na kukopeshana. Kikundi kimojawapo kikituchukua chini ya bawa lake, kitakuwa na watu wazima wa kutia sahihi, kwa sababu sisi wa miaka kumi na sita hatuna vitambulisho, na bila kitambulisho huwezi hata kuigusa mikopo ya serikali kama ile ya Hustler iliyozinduliwa Novemba 2022. Dazeni ya nzi ni nyepesi kuliko barua. Itasafiri kwa gari la Merti hadi Isiolo, na kutoka Isiolo hadi Nanyuki ni mwendo mfupi tu. Malipo yatakuja kwa M-Pesa. Huko kuna hoteli zinazopeleka wageni mitoni, na upande wa Meru kuna ziwa Rutundu lenye trauti, lile ambalo magazeti yalilitaja sana mwaka wa 2010 mwanamfalme William wa Uingereza alipomposa Kate huko mlimani. Wageni wa namna hiyo hawashindwi na shilingi 60. Wanachokitaka ni nzi asiyefumuka, na kikadi kidogo cha kuwaambia ametoka wapi. Kadi iandikwe: Amefungwa Korbesa. Hapo hata mwenye oda ya 500 akija, tutazungumza naye bei tukiwa tumekaa kitako, na tutamwambia jina letu libaki kwenye kisanduku.

Kuna ugumu mmoja ambao siwezi kuufunika. Ndoana nzuri hazitengenezwi hapa. Nyingi hutoka mbali, kama zile za Mustad wa Norway, na bei yake hupanda bila kutuuliza. Hilo ndilo gharama kubwa kuliko zote, na ndiyo sababu nyingine ya kununua pamoja, sanduku zima kwa mkupuo mmoja.

Mfanyabiashara yule mpaka ninapoandika haya sijampa jibu. Nimemwomba mwalimu mlezi wa chama aturuhusu tutumie darasa letu siku za Alhamisi baada ya masomo, naye amekubali kwa sharti kwamba tufagie manyoya yote kabla ya kuondoka. Hatuna jiliwa ya kushikia ndoana, lakini koleo lililokazwa kwa mpira wa baiskeli kwenye ukingo wa dawati linafanya kazi hiyo. Nina ndoana 40 na uzi wa kutosha. Anayetaka kujifunza, aliyecheka na asiyecheka, afike saa kumi. Alete manyoya ya shingo ya jogoo, si ya bawa, na kama kwenu mmechinja ndama wiki hii, mkia msimpe mbwa.