Mashine ya kura: kabla ya 2028, CENI iwaketishe wazee mbele yake

Mwaka 2028 tutarudi kwenye buro za kura, na kama hakuna kitakachobadilika, tutakuta tena kile kioo cha kugusa kwa kidole. Ubishi juu ya mashine hiyo tunaujua tangu 2018. Wapinzani waliiita « machine à voler », mashine ya kuiba, na jina likashika hadi vijijini. Lakini kwa kubishana juu ya wizi tu, tuliacha swali lingine kando. Mama wa miaka 70 kule Walikale, ambaye hajawahi kushika simu ya kioo, anaweza kuitumia peke yake, bila mtu kujua amemchagua nani?

Tuwe wa haki: CENI ilikuwa na sababu. Mwaka 2011 wagombea ubunge wa taifa walipita 18,000 kwa viti 500, na katika miji fulani karatasi ya kura ilikuwa na kurasa nyingi kama gazeti. Kutafuta sura ya mgombea mmoja humo ndani ilikuwa kazi. Mashine iliondoa mzigo huo. Unaingiza karatasi, unagusa picha au unaandika namba ya mgombea, unathibitisha, na chaguo lako linachapwa juu ya karatasi, kisha unaitia sandukuni. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Goma ni jambo la dakika mbili.

Lakini si wote ni wanafunzi. Mzee akikwama mbele ya kioo, foleni nyuma yake inanung'unika, na mfanyakazi wa buro anakuja kumsaidia. Kidole cha nani ndicho kinagusa picha? Sheria inamruhusu asiyeweza kupiga kura peke yake kusaidiwa na mpiga kura anayemchagua yeye mwenyewe. Ruhusa hiyo ilikusudiwa watu wachache, kwa mfano wasioona. Chombo kikifanywa vibaya, wachache hao wanakuwa wengi, na siri ya kura inaisha bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Jambo hilo tunaliona kila siku katika kutuma pesa kwa simu: mama wa soko anamtajia kijana wa kabine namba yake ya siri kwa sababu anapotea katika kubonyeza. Hapo anahatarisha pesa zake. Kwenye kura tunahatarisha nchi.

Wataalamu wa kompyuta wana kanuni juu ya mambo haya. Shirika la kimataifa la viwango, ISO, liliitoa mwaka 1999, na leo inajulikana kwa namba 9241-210. Inadai kwamba watengenezaji wawajue watu watakaotumia chombo, kazi watakayofanya na mahali watakapokuwa. Wawashirikishe tangu mwanzo. Wajaribu nao, warekebishe, wajaribu tena. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Mashine zilitengenezwa Korea Kusini na kampuni ya Miru, kisha CENI ikazunguka na kuwaonyesha watu namna ya kuzitumia. Waliita hiyo uhamasishaji. Kumfundisha mtu chombo kilichokwisha kununuliwa si kumsikiliza.

Na mahali pa kutumia ni sehemu ya hesabu hiyo. Mwaka 2023 baadhi ya buro zilichelewa kwa sababu betri zilikwisha au mashine zilikataa kuwaka, katika nchi ambamo vijiji vingi havina umeme. Mashine nyingine zilikutwa mikononi mwa watu wasiopaswa kuwa nazo. Januari 2024, CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu na makosa mengine. Anayetengeneza chombo kwa ajili ya Congo anapaswa kufikiria pia mgombea atakayetaka kukipeleka nyumbani kwake.

Sidai turudi kwenye karatasi tupu, ingawa Beni ilitupa la kufikiria: tarehe 30 Desemba 2018, baada ya kuondolewa katika uchaguzi wa rais, wakaaji walijipangia kura yao ya mfano, kwa karatasi na masanduku, na foleni zilikuwepo.

Ninachodai hakigharimu sana. CENI ichukue mashine kumi, iende Shabunda, Mambasa, Fizi, hata Masisi na Rutshuru ambako 2023 watu hawakupiga kura, usalama ukiruhusu. Iwaketishe wazee, wasiojua kusoma, wenye ulemavu wa macho. Mfanyakazi asimame pembeni, mikono mfukoni, asiseme neno. Ahesabu wangapi wamekwama, wapi, kwa muda gani, na wangapi wametoka na karatasi yenye jina la mgombea wasiyemtaka. Halafu hesabu hiyo itangazwe kwa raia wote, kabla ya mkataba mwingine wowote wa ununuzi kutiwa sahihi.