Kama Rwabugiri Angaliishi

Ndugu zetu wa Masisi na Walikale, wako wanaosema: kama Mwami Kigeli Rwabugiri wa Rwanda asingalikufa mwaka 1895, katika vita vya kwenda Bushi, Wazungu wasingalishika Kivu. Sisi tunakataa. Kisiwa cha Idjwi alikishika kwa mkuki, alipokufa kikajitoa. Mwaka 1896, huko Shangi, bunduki za askari wa Kongo zilivunja jeshi la Rwanda. Mwaka uleule nyumba yake ikauana Rucunshu. Hata angaliishi, wale aliowapiga wangalimpigania kwa sababu gani? Mzigo uliofungwa kwa woga hufunguka mwenye kamba akifa. Basi tusingoje shujaa. Mhunde, Mnyanga, Mtembo, Mnyarwanda, wa mgodini na wa mjini, tufungwe na mapatano.