Magenge ya matatu: wafuatwe vinara

Matatu ikilipa genge ndipo iruhusiwe kupakia abiria, gharama hiyo huishia kwenye nauli. Biashara hii si ngeni nchini Kenya. Mungiki, kundi lililopigwa marufuku mwaka 2002, lilijijaza fedha kwa kutoza matatu jijini Nairobi na eneo la kati, na kwa kuwalipisha wakazi wa mitaa ya mabanda “ulinzi” ambao hawakuuomba. Waliokaidi walipigwa, na wengine waliuawa.

Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa mwaka 2010, na mwaka huohuo serikali ikapiga marufuku makundi 33. Hatua hiyo ilifaa, lakini marufuku pekee haikaushi mapato. Genge hubadili jina, vijana wengine hushika zamu kituoni, na hela huendelea kupanda kwa wakubwa.

Polisi wamezoea kunasa dagaa na kuwaacha papa. Kijana anayekusanya noti stendi hushikwa leo, na kesho nafasi yake ina mtu. Anayestahili kusakwa ni anayepokea mgawo, awe mwanasiasa, mwenye magari au afisa wa usalama.

Sheria ya mwaka 2009 dhidi ya utakatishaji fedha inaruhusu mali ya uhalifu kutwaliwa. Itumike. Madereva na makondakta walio tayari kutoa ushahidi nao walindwe kikamilifu, maana bila wao hakuna kesi itakayosimama mahakamani.