Wagalla: Pole Bila Kaburi

Kila Februari vijana wenzangu mnaposti mshumaa. Mshumaa wa nini? Maiti wa Kiislamu huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa, huzikwa. Hiyo ni haki yake, na ni fardhi kifaya juu yetu.

Sasa waulizeni wazee wa Wajir. Wale wanaume waliozoazolewa kuanzia tarehe 10 Februari 1984, wakalazwa juani uwanja wa ndege wa Wagalla siku kadhaa bila maji, wengine wakipigwa risasi, nani aliwaosha? Miaka 40 na ushei, kuna mjane hajui asimame kaburi gani atoe salamu.

Serikali ilishikilia 57. Manusura wanasema maelfu. TJRC ikatoa ripoti 2013. 2015 Rais Uhuru akaomba msamaha bungeni, akaahidi mfuko wa bilioni 10. Wajane bado wanangoja. Ati msamaha! Msamaha gani hauonyeshi waliofukiwa wapi?

Tusomeni hitma, sawa, na sadaka tutoe. Lakini Ijumaa hii keti na mzee mmoja, andika jina la marehemu, la babake, na alipoonekana mwisho. Mbunge akija kuomba kura, mpe hiyo orodha aisome kwa sauti.